Sura ya 6: Pesa Iende Kwenye Kapsuli

Vijana wanaorekodi nyumbani huko Wote, Mwingi, Kibwezi na Kitui mjini wana swali moja lisilokwisha: "Mbona nimenunua maiki ya kondensa, ile ndefu ya studio, na bado sauti yangu haifanani na ya redioni?" La pili hufuata papo hapo. Je, fundi wa hapa anaweza kutengeneza maiki bora kwa pesa ileile?

Anaweza. Ila lazima ajue shilingi ipi inanunua sauti na ipi inanunua sura tu.

Swali hili lina uzito Ukambani kwa sababu nyimbo ni nyingi na studio ni chache. Miaka ya 1970 na 1980 Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walipeleka benga ya Kikamba na Kiswahili kila pembe ya Kenya, na enzi hizo kurekodi kulimaanisha kupanda basi kwenda Nairobi. Kwaya za makanisa nazo zina mizizi mirefu: kituo cha kwanza cha wamisionari wa Africa Inland kilijengwa Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895. Leo mwimbaji wa injili ana laptopu kitandani, prodyusa ana chumba cha kukodi nyuma ya duka, na mjukuu anataka kuhifadhi nyimbo za kilumi, ngoma ya jadi ya Wakamba, kabla nyanya yake hajazisahau. Wote wanaishia kwenye kifaa kilekile.

Kondensa ni nini hasa

Kazi ya maiki yoyote ni kugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Maiki ya jukwaani, ile inayoanguka sakafuni kanisani na kuendelea kufanya kazi, ina koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku. Huitwa maiki ya dainamiki. Ni ngumu, haihitaji kulishwa umeme, na mbele ya amplifaya ya gitaa la benga haina mpinzani. Udhaifu wake ni uzito. Sauti lazima isukume utando pamoja na koili, kwa hiyo vile visauti vyembamba, kama pumzi ya mwimbaji au ukucha kwenye uzi wa gitaa, hufifia njiani.

Kondensa haina koili. Ina vibamba viwili vilivyokaribiana mno. Kimoja ni utando, yaani plastiki nyembamba iliyopakwa chuma, mara nyingi dhahabu. Katika maiki nyingi kubwa za studio unene wake ni kama maikroni 6. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una kati ya maikroni 50 na 100. Kibamba cha pili ni kigumu, kina matundu, na kimekaa nyuma ya utando. Vikiwekewa chaji, yaani umeme uliotulia mahali pamoja, kila mtikisiko wa utando hubadilisha upana wa pengo kati yao, na volti hupanda na kushuka kuifuata sauti. Vibamba hivyo pamoja na kikombe chake ndivyo kapsuli.

Kifaa hiki kilibuniwa na E. C. Wente wa kampuni ya Western Electric, Marekani, mwaka 1916. Kwa miongo mingi kilibaki mali ya redio na studio kubwa, kwa sababu chaji ililazimika kuletwa kutoka nje kwa volti nyingi na saketi ya gharama. Mlango ulifunguka mwaka 1962, katika maabara za Bell. Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, walitumia utando wa plastiki unaoshika chaji yake wenyewe kwa miaka mingi bila kulishwa. Kapsuli ya namna hiyo huitwa elektreti. Ndani ya simu za mulika mwizi mna elektreti. Ndani ya redio za kaseti zilizojaa kwenye meza za mafundi mna elektreti. Ni ugunduzi ninaouheshimu sana, maana uliiondoa kondensa mikononi mwa wachache.

Kwa ufupi: kondensa husikia zaidi kwa sababu utando wake ni mwepesi. Elektreti ni kondensa yenye chaji ya kudumu, na ndiyo njia ya fundi mwenye bajeti ndogo.

Ndani ya ile maiki ndefu

Fungua moja ya zile maiki ndefu zinazouzwa mitandaoni na madukani kwa jina la BM-800 na majina mengine mengi. Nje kuna wavu mpana na mwili mzito unaofanana na maiki za Ujerumani. Ndani ya nyingi, pale ambapo ungetarajia kapsuli kubwa yenye tando mbili za dhahabu, kumechomekwa elektreti ndogo kwenye kishikizo cha plastiki. Si dhambi kutumia elektreti ndogo. Tatizo ni kwamba mnunuzi amelipia chuma, rangi na boksi, na kapsuli imepata kilichobaki.

Tuangalie tarakimu. Kila maiki hutoa mchemko mdogo wa "shhh" hata chumba kikiwa kimya kabisa. Tuuite kelele za ndani, na hupimwa kwa desibeli. Kadiri tarakimu ilivyo ndogo ndivyo maiki ilivyo tulivu. Kwa kapsuli ndogo, kiwandani huandika badala yake umbali kati ya sauti ya kipimo, ambayo ni desibeli 94, na kelele za ndani. Ukitaka kelele zenyewe, toa umbali huo kutoka 94. Elektreti maarufu ya Panasonic WM-61A, ambayo haitengenezwi tena, iliandikwa 62: kelele zake ni 32. Primo EM172 ya Japani, yenye upana wa milimita 10 tu, imeandikwa 80: kelele ni 14. Maiki ya studio ya Neumann U87 ya sasa ina 12.

Soma tena tarakimu hizo mbili za mwisho. Kikapsuli kinachotoshea kwenye ukucha wa kidole gumba kinakaribia utulivu wa maiki ambayo bei yake ingenunua pikipiki.

Mafundi wengine huniambia wataunganisha kapsuli kadhaa za bei ya chini kwa pamoja. Wazo ni sahihi, kwa sababu sauti hukubaliana katika kapsuli zote ilhali mchemko wa kila moja hupiga kivyake. Kila unapozidisha idadi mara mbili, kelele hushuka kwa desibeli 3. Kapsuli 4 zenye kelele 32 zitakupa 26. Kufika 14 ungehitaji kapsuli 64. Nunua moja nzuri.

Ukubwa nao una hadaa yake. Kapsuli nyingi kubwa za bei ya chini zimeiga umbo la K67, iliyobuniwa kwa ajili ya Neumann U67 ya mwaka 1960. Kapsuli hiyo ina kimo cha ziada kwenye sauti za juu kwa makusudi, na saketi ya Neumann hukishusha kimo hicho baadaye. Walioiga wengi waliiga kapsuli wakaacha nusu ya pili ya hesabu. Ndiyo maana herufi s hukata sikio, na filimbi ya wachezaji wa Kikamba hutoka kama sindano. Mwenye kapsuli ya aina hiyo asiitupe. Achunguze saketi, mara nyingi kapasita moja mahali panapofaa huponya ugonjwa wote.

Bati, mvua na umbali

Chumba kimya usiku huwa na kelele za kama desibeli 25 hadi 30. Chumba cha matofali ya kuchoma na paa la bati mchana, penye jogoo, bodaboda na jirani anayesaga mahindi, kiko juu zaidi. Hapo tofauti ya kelele 14 na kelele 5, ambayo matangazo ya maiki za bei kubwa huishangilia, haisikiki kamwe. Nasisitiza jambo hili kwa wabunifu: usilipie utulivu ambao nyumba itaumeza.

Na kuna mvua. Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na ikianza kupiga bati hakuna maiki duniani itakayotenganisha wimbo na paa. Wanaorekodi kwa ratiba huhamisha kazi ya sauti kwenye miezi mikavu, au saa za usiku.

Lakini ipo dawa isiyo na bei, nayo ni umbali. Mtu anayeongea kwa kawaida hutoa kama desibeli 60 akipimwa mita moja mbele yake. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yake hupanda desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale:

- mita 1: desibeli 60
- sentimita 50: 66
- sentimita 25: 72
- sentimita 12 na nusu: 78

Umbali wa kama nusu shubiri, basi, unakupa desibeli 18 za bure. Hakuna saketi itakayokupa kiasi hicho. Kwa hiyo maiki ya kutengenezwa kwa nyumba zetu ibuniwe kwa kazi ya karibu: iwe na kizuizi cha pumzi, yaani kitambaa chepesi kilichotandazwa kwenye duara la waya mbele ya wavu, na iwe ya kadioidi. Kadioidi ni maiki inayosikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Ikiwekwa sentimita 17 kutoka mdomoni, inakusanya chumba kwa kiasi kilekile cha maiki inayosikia pande zote ikiwa sentimita 10. Onyo lake ni kwamba ukiisogelea mno, besi huvimba. Saketi iwe na swichi ya kupunguza besi.

Kadioidi hufanya kazi kwa sababu ya matundu nyuma ya kapsuli. Hewa inayoingia kwa nyuma hukutana na ile ya mbele na kufutana. Fundi akimimina gundi nyuma ili kapsuli isitikisike, ameziba matundu, na maiki yake sasa inasikia jogoo sawasawa na mwimbaji. Nimeiona hitilafu hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Shika kapsuli kwa ukingo wake tu, kwa pete ya mpira.

Mwili: bomba, mti au bati

Mwili wa maiki una kazi mbili za lazima. Kwanza uwe kinga ya umeme: chuma kinachozunguka kapsuli na saketi pande zote, kikiunganishwa na waya wa ardhi wa kebo, ili mvumo wa stima ya nyumba, ambao Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, usiingie. Pili, sauti ipite bila kugongagonga. Wavu mzito uliobanana karibu na kapsuli hurudisha sauti na kuipa rangi ya debe. Wavu mwepesi wenye matundu mengi, ulio mbali kidogo na utando, ni bora hata kama haupendezi.

Bomba la alumini lililokatwa na fundi wa jua kali linatosha. Mti pia unafaa, na ninaupenda kwa sababu wachongaji wa Wamunyu, ng'ambo kidogo upande wa Machakos, wana mikono ambayo kiwanda hakina. Ila mti haukingi umeme. Ndani yake lazima pawekwe karatasi ya shaba yenye gundi, vipande vyake vyote vigusane, na kimoja kisolderiwe kwenye waya wa ardhi. Mti mtupu utapiga mvumo mara tu mwimbaji akiushika.

Umeme unaoingia

Saundi kadi, yaani kisanduku kinachoingiza maiki kwenye kompyuta, hupeleka volti 48 kupitia kebo ileile inayorudisha sauti. Kiwango hicho kilianza mwaka 1966: Neumann walikuwa wakiandaa maiki za transista kwa redio ya taifa ya Norwei, na studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Dunia nzima ikafuata. Simu, kwa upande wake, hutoa kama volti 2 au 3 tu.

Elektreti ndogo nyingi huvumilia hadi volti 10. Ukiipa 48 moja kwa moja, imekufa. Saketi rahisi hutumia diodi ya zena, kifaa kinachoshikilia volti isipite kiwango ulichochagua, pamoja na rezista na kapasita chache. Kwa mwimbaji, hiyo inatosha.

Kwa ngoma ya kilumi haitoshi. Ngoma ikipigwa karibu, transista iliyo ndani ya kapsuli hushindwa kabla utando haujashindwa, na sauti hukwaruza. Marehemu Siegfried Linkwitz, mhandisi wa sauti, alieneza dawa ya kukata kijia chembamba cha shaba nyuma ya kapsuli na kuongeza waya wa tatu, ili transista ifanye kazi kwa utulivu zaidi. Ni kazi ya kisu kikali na kioo cha kukuzia. Anayetaka kurekodi nyanya zake wakiimba na ngoma yao ajifunze kukata huko kwanza kwenye kapsuli mbovu.

Hatua inayofuata ni kapsuli ya elektreti ya milimita 25 isiyo na transista ndani, kama TSB-2555 ya Transound kutoka China. Hapo fundi hujichagulia transista tulivu, na saketi inahitaji rezista ya gigaomu 1, yaani omu bilioni moja. Usafi sasa ndio kila kitu. Wajenzi wa mabwawa ya mchanga ya Kitui wanajua kwamba ukuta usiofika kwenye mwamba hupoteza maji kwa chini hata ukiwa mnene kiasi gani. Mabaki ya solda na jasho la kidole kwenye ubao hufanya vivyo hivyo kwa chaji, yakiipa njia rahisi kuliko ile gigaomu uliyoinunua. Dalili yake ni milio ya "kraa, pwa" asubuhi yenye unyevu, kisha maiki hupona jua likiwaka. Osha kiungo hicho kwa spiriti safi na mswaki laini, na uunganishe miguu ya kapsuli, rezista na transista hewani badala ya juu ya ubao.

Kwa ufupi: chini ya volti 10 kwa elektreti ndogo, waya wa tatu kwa sauti kali, spiriti na mswaki kwa kapsuli kubwa.

Mezani kwa fundi

Joto huua elektreti haraka kuliko kuanguka. Tumia chuma cha solda chenye ncha nyembamba, kishike sekunde 2 au 3 tu, kisha usubiri ipoe kabla ya kugusa mguu wa pili. Bana mguu kwa koleo ya chuma kati ya solda na kapsuli ili joto liishie kwenye koleo. Baada ya kazi usiache maiki kwenye gari lililoegeshwa juani Mtito Andei. Ihifadhi kwenye mfuko, maana utando wenye chaji huvuta vumbi, na vumbi letu jekundu ni laini kuliko unavyodhani.

Ukishaifunga, ijaribu hivi:

1. Kimya. Saa za usiku, izungushie blanketi ndani ya kabati la nguo, ongeza sauti, sikiliza. Mchemko laini ni kawaida. Mvumo mzito ni kinga iliyoachia.
2. Chomoa chaja ya laptopu na urudie. Mlio ukitoweka, tatizo lilikuwa chaja au inveta ya sola, na maiki haina kosa.
3. Mgongo. Ongea mbele, kisha nyuma, kwa umbali uleule. Zikilingana, matundu yamezibwa.
4. Filimbi na funguo. Pigia filimbi ukiwa mita mbili, kisha tikisa funguo. Ikikwaruza, fanya ule mkato wa waya wa tatu. Funguo zikisikika kama kokoto, wavu unarudisha sauti.

Andika matokeo kwenye karatasi, ibandike ndani ya mwili wa maiki pamoja na mchoro wa saketi. Mnunuzi wa Ikutha au Kathonzweni hatarudi Nairobi kutafuta dhamana. Atampelekea fundi wa redio aliye karibu, na fundi huyo anahitaji mchoro.

Maiki ya kwanza ikipita, tengeneza ya pili kwa kapsuli kutoka pakiti ileile, rekodi zote mbili kwa mkupuo, na uchague kapsuli zinazolingana. Ukishapata jozi, zifunge kwenye upau mmoja: sentimita 17 kati ya kapsuli na kapsuli, zikitazama pande mbili kwa pembe ya nyuzi 110, mpango ulioachwa na mafundi wa redio ya taifa ya Ufaransa. Simamisha upau huo mbele ya kwaya, juu kidogo ya kichwa cha mwongozaji, soprano kushoto na besi kulia, na fungua madirisha yote upande usio na barabara.